Kitabu Humfuata Aliyekigharimia: Tarikhi ya Vitabu vya Mila katika Viunga vya Dar es Salaam

Watu wa Temeke na Kinondoni ni miongoni mwa watu walioandikwa sana katika Afrika ya Mashariki, na aghalabu wao wenyewe hawana habari. Tangu zama za Wadachi hadi leo, kwa muda uzidio karne moja, maneno ya wazee wa Mzizima na Kunduchi, wa Bunju na Mtoni, mintarafu ya jando na unyago, ndoa na talaka, pepo na uganga, kodi ya chumba na utani wa makabila, yameulizwa, yamejibiwa, yametiwa chapa na kufungwa katika majalada mazuri. Na akthari ya majalada hayo yamepangwa katika rafu za Göttingen, Uppsala, Oxford na California, ambako mzee aliyeyatoa maneno yale hakufika, wala mjukuu wake hatafika pasi na viza na nauli. Watu wamezoea kulieleza jambo hili kwa lawama, kwamba wageni walikuja wakachukua wakaenda zao. Lawama hiyo ina haki yake, lakini haitoshi kueleza yaliyotokea. Tukiifuata tarikhi ya vitabu hivi kimoja baada ya kimoja, tutaona kanuni iliyo dhahiri kuliko lawama: kila kitabu kilimfuata yule aliyegharimia chapa yake, kikasema kwa lugha yake, kikajibu maswali yake, na pale mwenyeji alipotoa fedha mwenyewe, kitabu kilibaki nyumbani.

Mwanzo wa tarikhi hii ni Carl Velten, Mdachi aliyekuwa mkalimani wa serikali hapa Dar es Salaam katika miaka ya 1890, kisha akarejea Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, ambamo maofisa, mahakimu na wafanyabiashara waliotazamia kuletwa huku walisomeshwa kabla ya kupanda meli. Wanafunzi wa namna hiyo walihitaji maandiko ya kujizoeza kusoma, na fauka ya hayo walihitaji kujua ada za watu ambao karibu wangewatawala: mtu akifa nani humrithi, mtumwa akitoroka hukumu yake ni ipi, mtoto akizaliwa hupewa jina lini na nani humnyoa nywele za kwanza. Kwa haja hiyo vikatoka vitabu vinne mfululizo: hadithi mwaka 1898, safari mwaka 1901, desturi mwaka 1903, na mkusanyo wa nathari na mashairi mwaka 1907. Serikali ya Kaisari ilihitaji watumishi, chuo kikahitaji vitabu, mpiga chapa akapata soko. Na katika mnyororo huo wote hapakuwa na pete hata moja iliyowekwa kwa ajili ya msomaji wa Mrima, yaani wa pwani yetu hii.

Hata hivyo kitabu cha 1903, yaani Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa Göttingen kwa Kiswahili na kwa Kidachi katika mwaka mmoja, ni hazina ambayo hadi leo haijapata mfanowe. Sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, mtu aliyesoma chuoni kwa Kiarabu na aliyechukuliwa Berlin mwaka 1900 awe mwalimu wa Kiswahili. Ubora wake unatokana na hali ya mwandishi: Mtoro hakuwa na haja ya kumuuliza mtu jinsi mwali anavyofunzwa, jinsi mganga anavyopunga pepo, au jinsi jumbe anavyopokea haki zake, maana aliyaona hayo tangu utotoni, akayaandika kwa Kiswahili cha Mrima, kwa utulivu wa mtu anayemweleza mgeni mambo ya nyumbani kwake, akisifu panapostahili sifa na kukemea panapostahili kemeo. Lakini jina lililokaa usoni mwa kitabu lilikuwa la Velten. Mwaka 1905 Mtoro, aliyekuwa amemwoa mwanamke wa Kidachi, alijaribu kurejea kwao akazuiwa asishuke pwani pamoja na mkewe; akarudi Ujerumani, akafundisha huko, na mwaka 1927 akafariki Berlin. Ilipita miaka 78 tangu chapa ya kwanza ndipo J.W.T. Allen, mtaalamu Mwingereza aliyeikusanyia maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hati nyingi za kale, alipokifasiri kitabu na kukirejeshea jina la Mtoro. Na tafsiri hiyo ya 1981 ilikuwa ya Kiingereza, na iliyoichapa ni matbaa ya Chuo Kikuu cha California.

Mkusanyo wa 1907 nao una kisa chake. Humo mliingia khabari za kale za Dar es Salaam kama wazee wa mji walivyozisimulia: namna Washomvi wa pwani walivyodhikishwa na Wakamba, wakamwomba Pazi, jagina wa Wazaramo aliyetoka bara, awanusuru, na namna ushindi ule ulivyowafunga Washomvi kutoa ada kila mwaka kwa jamaa za Pazi. Hii ndiyo asili ya ujirani wa Washomvi na Wazaramo, na kila mtu aliyezaliwa Kunduchi au Magogoni angependa kuisoma. Khabari hiyo ilisemwa kwa Kiswahili, ikasafiri hadi Ujerumani, na ilipokuja kuenea miongoni mwa wasomi wa Afrika ya Mashariki ilikuwa ni mwaka 1962, G.S.P. Freeman-Grenville alipoitia katika kitabu chake cha hati za pwani kilichochapwa Oxford, na hapo ilikuwa imekwisha vaa Kiingereza. Neno la mzee wa Mzizima lilirudi kwao likihitaji mkalimani.

Zama hizohizo za Wadachi zilitoa mfano mwingine unaoithibitisha kanuni yetu kwa uwazi zaidi, kwa sababu kalamu ilikuwa moja na mifuko ilikuwa miwili. Martin Klamroth, mmisionari wa Berlin aliyekaa Dar es Salaam, aliandika makala marefu juu ya itikadi za Wazaramo, mizimu yao, matambiko yao na fikira zao juu ya Mungu, akayapeleka katika jarida la kitaalamu la Ujerumani, kwa Kidachi, katika miaka ya mwanzo ya 1910. Na mtu huyohuyo alikuwa mhariri wa gazeti la Pwani na Bara, lililotolewa kwa Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa huku. Gazeti liliwapa Wazaramo habari za dunia na maneno ya dini, na jarida likawapa wataalamu wa Ujerumani habari za Wazaramo. Mwenye kusoma gazeti hakuonyeshwa jarida.

Waingereza walipoishika nchi, mgawanyo huu uliendelea kwa sura mpya. Mwezi wa Januari 1923 idara ya elimu ilianzisha Mambo Leo, gazeti la mwezi lililochapwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, na ndani yake walimu, makarani na wazee wa kila jimbo waliandika nyaraka, mashairi, na khabari za asili na mila za makabila yao. Likawa kwa miaka mingi darasa kubwa kabisa la watu waliojisimulia wenyewe, ingawa chini ya jicho la serikali. Mwaka 1936 likazaliwa jarida la pili, Tanganyika Notes and Records, nalo lilitolewa Dar es Salaam, lakini lugha yake ilikuwa Kiingereza na waandishi wake aghalabu walikuwa mabwana shauri, madaktari, wapima ardhi na wamisionari, watu ambao saa za mchana walikusanya kodi na jioni wakaandika juu ya makaburi ya kale, pepo na ngoma. Tusilidharau jarida hili, maana limehifadhi mengi ambayo pasi nalo yangepotea. Ila tukumbuke kuwa karani wa Mambo Leo na bwana shauri wa jarida lile waliweza kuandika juu ya arusi moja, katika mji mmoja, na wasisomane kamwe.

Kati ya vyombo hivyo viwili vya watawala alisimama mtu aliyejaribu njia ya tatu. Erica Fiah, Mganda mwenye duka Dar es Salaam, alianzisha mwaka 1937 gazeti la Kwetu, kwa Kiswahili, likiwa mali ya Mwafrika na likisema shida za Waafrika wa mjini. Halikuwa jarida la elimu ya mila, lakini alama yake katika tarikhi hii ni kubwa: lilionyesha kuwa wakazi wa mji huu wangeweza kuwa watoaji wa maandiko na wasomaji wake papo hapo, madhali fedha ya karatasi ilipatikana, na tatizo la fedha ya karatasi halikumwacha Fiah hata siku moja.

Mji nao ulikuwa unakua. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 iliwakuta wakazi zaidi ya 128,000 katika Dar es Salaam, na serikali, iliyoona watu wakimiminika kutoka Rufiji, Kisarawe, Morogoro na Unyamwezi, ilifadhaika kwa kutojua ni akina nani na wanaishije. Mwaka 1931 ofisa aitwaye E.C. Baker alikuwa amekwisha andika taarifa juu ya hali ya watu wa mji, ikapigwa taipu ikabaki katika majalada ya serikali. Mara hii ilitakiwa kazi kubwa zaidi, na katika miaka ya 1956 na 1957 alipewa kazi hiyo J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali aliyejua Kiswahili, ambaye aliwatuma wasaidizi wapite nyumba kwa nyumba katika Kariakoo, Ilala, Magomeni, Temeke, Keko, Buguruni na Kinondoni, wakiuliza kabila, dini, kazi, mshahara, kodi, ndoa na muda wa kukaa mjini.

Mtu akisoma matokeo ya kazi hiyo leo, hukutana na jirani zake. Iko pale nyumba ya Kiswahili kama tunavyoijua hadi sasa Temeke na Mwananyamala: baraza mbele, ukumbi ukikata katikati, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono huu, ua nyuma wenye jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo, mwenye nyumba katika chumba kimoja au viwili, na wapangaji katika vilivyobaki, kila chumba na mlango wake na kodi yake na siri zake, ila ua ni wa wote na ugomvi wa kufagia ni wa wote. Yuko pale kijana aliyefika jana kutoka shamba, akafikia kwa mjomba, akalala ukumbini mpaka akapata kibarua bandarini, kisha akapanga chumba na mwenziwe. Uko pale utani wa Wazaramo na Wanyamwezi uliowapa watu wa makabila mageni ruhusa ya kuchokozana msibani na kuzikana bila kinyongo. Leslie aliandika kwa jicho la mtu apendaye watu, na mengi aliyoyasema juu ya viunga hivi hayajapata kusemwa vizuri zaidi.

Lakini kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya nani? Aliyekigharimia alikuwa serikali, na serikali ilitaka kujua jinsi ya kuutawala mji. Kwa hiyo kwanza kilisomwa na maofisa peke yao. Watu wote walikipata mwaka 1963, pale matbaa ya Oxford ilipokichapa London kwa niaba ya taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere. Kufikia wakati huo serikali iliyouliza maswali yale ilikuwa imekwisha ondoka, Tanganyika ilikuwa huru, na mpangaji wa Temeke aliyehesabiwa mwaka 1956 alikuwa raia mwenye kura; ila kitabu kilichomweleza kilikuwa bado katika lugha ya wakubwa waliokwenda zao, na hadi leo hakijapata chapa ya Kiswahili iliyofika mikononi mwa watu wa Temeke.

Insafu inatutaka tutaje kuwa utawala huohuo ulifungua pia mlango mwingine. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, yenye makao yake Nairobi, ikipewa kazi ya kuwatolea Waafrika vitabu katika lugha zao. Na ilikuwa na mfululizo wa vitabu vya masimulizi na desturi ulioandikwa na wenyeji. Tunda lake bora kwa upande wetu ni kitabu cha Mathias Mnyampala juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Mnyampala, ambaye wengi wanamjua kwa ushairi, alizunguka kwa wazee wa Ugogo akakusanya nasaba, vita, njaa na ada, akayapanga kwa Kiswahili ambacho Mgogo na Mzaramo walikisoma sawasawa. Kitabu kilisomwa kwanza na watu wa nchi, kisha, baada ya miaka 41, kikafasiriwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomi wa Marekani. Hiyo ndiyo safari iliyo sawa: elimu ianzie kwa wenyewe, ndipo itembee. Dar es Salaam haikumpata Mnyampala wake. Taasisi ile ya Nairobi ilikoma pamoja na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1977, na mfululizo wa namna hiyo haukufufuliwa.

Uhuru ulileta chuo. Oktoba 1961 kilifunguliwa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Huko Mlimani elimu ya mila za makabila iliingia na doa la kuzaliwa kwake: iliitwa mtoto wa ukoloni, wasomi wakapendelea elimu ya jamii, historia na uchumi wa siasa, wakasema kuwa mtu anayehesabu mizimu huku wakulima wananyonywa amepotewa na wakati. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na ilizaa maandiko yaliyoitikisa dunia; kitabu cha Walter Rodney juu ya namna Ulaya ilivyoifukarisha Afrika kilitolewa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam pamoja na matbaa moja ndogo ya London. Lakini hoja hiyo ilikuwa na gharama. Wakati wasomi wetu walipokuwa wakiiepuka elimu hii, wageni hawakuiepuka; na uwanja ulioachwa wazi na mwenyeji hauachwi wazi na mgeni.

Aliyeingia katika uwanja huo kwa unyenyekevu na akili alikuwa Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyefika Tanganyika katika miaka ya 1950 kufundisha wasichana, na ambaye katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 alikwenda kukaa Bunju, kijiji cha Wazaramo katika njia ya Bagamoyo, ambacho sasa ni kata ya Kinondoni yenye daladala, fremu za maduka na viwanja vilivyopimwa. Aliketi na wanawake akaruhusiwa kuona yale ambayo bwana shauri hakuweza kuyaona. Aliandika juu ya mwali aliyewekwa ndani kwa miezi mingi, asionwe na wanaume, akifunzwa na somo wake. Juu ya mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho mikono wala miguu, chenye kichwa kilichogawanyika juu kama shungi mbili, ambacho mwali hukipaka mafuta na kukitunza kama mtoto ili uzazi wake uwe salama, na ambacho ni mali ya ukoo, hutoka kwa mwali huyu kwenda kwa yule. Na juu ya mti wa mkole, ambao chini yake mwali huchezwa siku ya kutolewa. Mambo hayo hayajafa: hata sasa, katika mitaa ya Mbagala na Tegeta, hufungwa turubai siku ya Jumamosi, ngoma ikalia, na mwali akatolewa nje kwa kanga na fedha za kutunzwa.

Kitabu cha Swantz kilichapwa Sweden mwaka 1970, na kikachapwa tena huko Uppsala mwaka 1986. Mumewe, Lloyd Swantz, alitoa mwaka 1974 tasnifu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya waganga wa Kizaramo mjini humu, akionyesha kuwa mganga wa kiungani hutibu wivu wa kazini, hofu ya kufukuzwa, na mashaka ya mtu aliye mbali na ukoo wake, sawasawa na anavyotibu homa. Na tasnifu hiyo ilikaa miaka 16 kabla ya kuwa kitabu mwaka 1990, kwa ushirikiano wa Uppsala na matbaa ya chuo chetu. Bibi Swantz mwenyewe aliiona kasoro ya elimu inayochukua bila kurudisha, na katikati ya miaka ya 1970, katika mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, yeye na watafiti wa Tanzania na Finland walijaribu utaratibu ambao wanakijiji walikuwa washiriki katika kuuliza na katika kutumia majibu. Wazo hilo liliigwa katika nchi nyingi. Hata hivyo mfuko ulikuwa wa Finland, na taarifa za mradi zilitoka kwa Kiingereza, zikachapwa Ulaya. Kwa maana nia njema ya mwandishi haiwezi kuibatilisha kanuni ya mlipaji.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya dhiki. Karatasi iliadimika, vitabu vya shule vikakosekana, na Tanzania Publishing House ikadhoofu. Katika dhiki hiyohiyo ndimo lilimotokea jambo ambalo wataalamu walichelewa kuliona. Vijana wa mitaani, miongoni mwao Hammie Rajab, Kajubi Mukajanga na Jackson Kalindimya, walikuwa wakiandika riwaya fupi za mapenzi, ujambazi na maisha ya mjini, na wengi wao wakajichapishia: walitafuta karatasi wenyewe, wakamlipa mwenye mashine, wakasambaza kwa mkono katika vituo vya basi na vibanda vya magazeti. Vitabu hivyo vidogo, ambavyo walimu walivikemea, vina habari za viunga vya Dar es Salaam ambazo hata baadhi ya majarida ya kitaalamu hayana: kodi isiyolipwa, mchumba aliyetelekezwa, baa ya jioni, mzazi wa shamba anayengoja barua yenye fedha. Vilibaki mjini kwa sababu vililipiwa mjini. Ilipofika mwaka 2017 mwanahistoria Mmarekani Emily Callaci akawaandika waandishi hao katika kitabu chake, naye akawaita wenye fikira wa mitaani. Kitabu hicho kilichapwa na Chuo Kikuu cha Duke, na bei yake ingenunua riwaya zao nyingi.

Dhiki hiyo ndiyo pia iliyomleta Aili Mari Tripp, binti wa akina Swantz aliyekulia Tanzania, katika mitaa ya Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980. Alitaka kujua jinsi watu walivyoishi wakati mshahara wa mwezi haukutosha chakula cha wiki moja, akakuta kwamba waliouendesha mji walikuwa mama wauza maandazi, wafuga kuku, mafundi cherehani na wauza mkaa, na kwamba serikali iliyokuwa ikiwafukuza ilibadili kanuni zake baada ya wao kuzikaidi kimya kimya. Kitabu chake cha 1997, kilichochapwa California, ni heshima kubwa kwa watu wa Manzese, ambao wengi wao hawajui kwamba waliheshimiwa.

Tangu hapo yamekuwapo mageuzi ya kufurahisha. Walter Bgoya, aliyeiongoza Tanzania Publishing House tangu 1972 hadi 1990, alianzisha mwaka 1991 kampuni yake ya Mkuki na Nyota, na mwaka 2007 ikatoa, pamoja na taasisi ya Waingereza iliyoko Nairobi, mkusanyo wa historia za Dar es Salaam uliohaririwa na James Brennan, Andrew Burton na Yusuf Lawi, kitabu ambacho mtu aliweza kukinunua mjini kwa shilingi. Mlimani, majarida ya Kiswahili na Mulika yanapokea makala ya kitaalamu kwa lugha yetu. Na huko Ujerumani jarida la Swahili Forum linawekwa katika intaneti bure. Mtu wa Tandika mwenye simu anaweza leo kusoma baadhi ya maandiko ambayo baba yake asingeyaona.

Lakini sehemu kubwa ya elimu hii ingali imefungwa. Mtafiti anayekuja leo huomba kibali kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Kijitonyama, katika Kinondoni hiyohiyo, jirani na Kijiji cha Makumbusho ambamo nyumba za makabila zimejengwa watu wazitazame. Akipata kibali huenda mkoani, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na barua yake hujaa mihuri kabla hajabisha hodi kwa mtu wa kwanza. Kila mwenye muhuri humuuliza utafiti wake unahusu nini. Baada ya miaka mitatu au minne makala yake hutoka katika jarida la ng'ambo, ambalo halikumlipa yeye aliyeandika, wala wenziwe walioipitia na kuisahihisha, na humdai msomaji asiye na chuo makumi ya dola kwa makala moja. Wala hatupaswi kumlaumu mtafiti peke yake, kwani cheo chake na mkate wake hutegemea makala hiyo kutoka katika jarida hilo, na hata mhadhiri wetu wa Mlimani anajua kuwa jarida la ng'ambo humpandisha upesi kuliko kitabu cha Kiswahili kinachosomwa Mbagala.

Basi hukumu ya tarikhi hii ni kwamba tumekuwa wenye habari bila kuwa wenye chapa. Mtoro aliandika kwa Kiswahili na kitabu kikawa cha Berlin, kwa sababu Berlin ililipa. Leslie aliwaeleza watu wa Temeke kwa serikali, kwa sababu serikali ililipa. Wanariwaya wa mitaani walibaki na wasomaji wao, kwa sababu walilipa wenyewe kwa fedha ya jasho. Jiji sasa lina watu zaidi ya milioni 5 kwa hesabu ya mwaka 2022, na manispaa zake hukusanya ushuru katika kila soko na kila kituo. Fungu dogo la fedha hiyo, likitengwa kila mwaka, lingetosha kumpa kazi mfasiri mmoja na mpiga chapa mmoja, ili Desturi za Wasuaheli, uchunguzi wa Leslie na kazi ya Bunju vichapwe kwa Kiswahili, kwa idhini ya wenye haki zake, na nakala ziwekwe katika shule za sekondari za Temeke, Kinondoni, Ilala, Ubungo na Kigamboni. Vyuo navyo vihesabu kitabu cha Kiswahili kuwa kazi kamili wakati wa kupandisha vyeo. Na wenye kutoa vibali, tangu Kijitonyama hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, waongeze sharti moja juu ya mihuri yao, kwamba muhtasari wa Kiswahili urudi katika kata ulikotoka. Na wewe msomaji, ukiona kitabu cha mila za kwenu kimechapwa hapa nchini, kinunue hata kama una habari zake zote, kwa sababu bei unayoilipa ndiyo itakayoamua kitabu kifuatacho kiandikwe kwa ajili ya nani.